Siku Uliyoshika Spana, Mama Mkwe

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo sikuzoea kukuamkia nikiwa karibu. Leo asubuhi nimebadilisha mkanda wa feni wa ile pikapu unayoijua. Nilikuwa peke yangu nje ya nyumba, hapa Buhongwa. Watu wa matanga yako wameshaondoka, na binti yako Pendo alikuwa amejilaza kidogo baada ya kupokea wageni mfululizo. Kazi yenyewe haikunisumbua. Lakini nilipoinamia injini nikajikuta nimesogea upande mmoja, kana kwamba kuna mtu wa pili anayetaka nafasi ya kuweka kichwa. Nikabaki pale na spana mkononi, nikalia. Jirani akaja mbio akidhani nimejibana kidole.

Ndiyo maana nakuandikia. Kuna swali nimelibeba tangu mwanetu Kabula alipozaliwa, na sikuweza kukuuliza, maana mkwe hamhoji mama mkwe wake. Nilitaka kujua kama ile siku ya barabarani ulikuja kuijutia. Barua hii nimeiacha wazi kwa makusudi, ili na wale waliosema sana wakati ule waisome, wajue kilichokuwa kimetokea.

Mimi ni mtu wa Nansio, unajua. Kule kisiwani mama yangu humkumbatia kila anayeingia mlangoni, hata aliyekosea nyumba. Nilipokuja kumposa Pendo sikujua kwamba nitapewa mke na umbali pamoja. Wajomba zake ndio walioniweka chini wakanifundisha: mama mkwe hapewi mkono, hatazamwi usoni, hamli sahani moja, na mkikutana njiani mmoja wenu anapisha, tena anapisha mbali. Niliitikia yote kama bwana harusi yeyote anavyoitikia, nikiwa na haraka ya kupewa mke. Moyoni nilidhani ni maneno ya sherehe tu.

Kumbe wewe hukuwa na mchezo. Unakumbuka tulivyokutana sokoni Misungwi? Nilikuwa nashusha magunia ya dagaa, ukatokea na kikapu chako. Uliponiona ulijifunika kanga uso mzima, ukaigeukia meza ya muuza nyanya, ukazichagua na kuzichagua mpaka nikaondoka. Pendo aliniambia baadaye kwamba ulirudi nyumbani na nyanya za kulisha harusi. Ukiwa na neno la kuniambia ulimtuma yeye, na akiwa hayupo uliwaambia kuku. "Kuku hawa wangepata mtu wa kuwatengenezea banda," uliwaambia siku moja, mimi nimekaa upande wa pili wa ukuta wako, na mimi nikanyanyuka kwenda kutafuta misumari.

Nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima nikirudi mjini. Lakini nilikupenda kwa hilo, mama. Kuna watu wananipa mkono kila siku na hawajawahi kunipa hata robo ya heshima uliyonipa wewe kwa kunikimbia.

Ngoja nieleze na habari ya mikanda, maana wasomaji wengine gari wanalijua kwa kupanda tu. Pikapu ile ina mkanda mmoja wa mpira, unazungushwa na puli, gurudumu lenye mfereji lililo chini ya injini, nao unazungusha feni, pampu ya maji, na dainamo inayochaji betri. Mara ya kwanza nilipohitaji mpya nilikwenda kwenye duka la spea la Bwana Ramesh, pale mjini, duka alilorithi kwa baba yake. Nikamwambia nataka mkanda wa pikapu. Akaniambia pikapu hazivai mkanda mmoja zote, hata zikifanana kama mapacha, nilete ule wa zamani. Nikampelekea. Akaugeuza mgongo, akaufuta kwa kitambaa, akasoma namba: moja ya upana, nyingine ya urefu. Akanipa unaolingana, kisha akanishauri nichukue na mwingine wa akiba, kwa sababu wa akiba huchaguliwa siku ambayo mtu hana haraka.

Wa akiba nikauweka nyuma ya kiti. Huko nyuma kulikuwa na mkanda mwingine tayari, wa mwenye gari aliyenitangulia, na mimi sikuwa na habari nao. Makaratasi ya nje yakachanika, namba zikasuguliwa na vumbi na mafuta, na mikanda miwili ikakaa pale pamoja kama ndugu.

Sasa siku yenyewe. Pendo alikuwa amelazwa kwenye hospitali ya mlimani. Unajua mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni, na mama yake alitoka chumba cha upasuaji mikono mitupu. Safari hii presha ilipanda, daktari akasema mtoto atolewe siku hiyohiyo, wasisubiri jioni. Pendo akagoma. Hakupiga kelele wala hakulia. Alisema tu kwamba mama akija ataingia, na mama asipokuja haingii. Nilikupigia simu ikawa haipatikani, kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Misungwi muda mrefu na sola yako ilikuwa haichaji kitu. Nikawasha pikapu.

Nilipofika nilisimama nje ya uzio wako, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyesema na kuku. Niliwaambia kwamba Pendo anamtaka mama yake hospitali, leo, sasa hivi. Cherehani ikanyamaza kule barazani. Uliingia ndani ukatoka na mfuko na kanga mbili, nami nikakufungulia mlango wa mbele. Ukaupita kama haupo. Ukapanda nyuma, kwenye bodi, ukakaa juu ya magunia matupu na kujifunika turubai, wakati manyunyu yameshaanza. Nililiambia gari kwamba mvua inakuja kubwa. Wewe na gari wote mkanyamaza.

Tulikuwa bado kwenye barabara ya udongo, katikati ya majaruba ya mpunga, hatujaifikia lami, nikasikia kitu kimechapa chini ya boneti. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima papo hapo, kwa sababu bila mkanda maji hayazunguki, na dereva anayelazimisha kutembea hivyo hununua injini nyingine. Nikafungua boneti. Mkanda umekatika, umejisokota kwenye puli ya chini.

Barabara ilikuwa tupu. Wenye majaruba walikuwa wameikimbia mvua. Nikatoa ile mikanda miwili nyuma ya kiti, na hapo ndipo jasho liliponitoka. Mmoja niliutia kwenye mfereji wa puli ukazama mpaka chini, ukacheza. Huo haufai, maana mkanda hushikwa na kuta za mfereji, haukalii sakafu. Wa pili ulikaa vizuri, umejaa sawasawa mpaka mdomoni. Nikafurahi. Halafu nikaunyoosha kando ya ule uliokatika, nikaona ni mfupi. Haukupungua sana, upana wa vidole tu, lakini ulikuwa mfupi. Nikasema kwa sauti kwamba yote miwili si yenyewe.

Wewe ulikuwa umekaa kulekule nyuma, umenipa mgongo, unautazama mpunga. Na ukauambia mpunga:

"Lastiki ya sketi ikizeeka hurefuka. Mtu akipima mpya kwa ya zamani, sketi itamdondoka njiani."

Nilisimama nikilitafakari hilo. Ulishona sketi za nusu ya kata ile, ulijua unachosema. Mkanda wa zamani ulikuwa umevutika kwa miaka ya kazi. Mfupi ndio uliokuwa sahihi, na mimi nilikuwa karibu kuutupa kwenye jaruba. Nikaushukuru mpunga.

Nikalegeza bolti za dainamo, nikaisukuma ndani kabisa, nikauvisha mkanda puli ya chini, kisha pampu, kisha dainamo. Uliingia kwa ubishi, na mafundi wanapenda mkanda unaobisha kidogo. Kilichobaki ni kuivuta dainamo nje kwa mpini wa jeki ili mkanda ukaze, halafu kufunga bolti hukohuko ilikovutwa. Na hapo kazi ikanikatalia. Nati ya nyuma ilikuwa inazunguka pamoja na bolti. Mkono mmoja unavuta mpini, wa pili unakaza bolti, na nati inataka wa tatu uishike na spana nyingine kwa chini. Nilijaribu kuzuia mpini kwa goti. Nikajaribu jiwe. Nikajaribu kufunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Kila nikiachia, dainamo inarudi ndani na mkanda unalegea.

Simu ikaita. Alikuwa nesi, anauliza tumefika wapi, presha haishuki. Nikamwambia tuko njiani. Wewe ulisikia nilivyojibu na sauti niliyojibia.

Naomba nikwambie nilichokuwa nafikiri pale, mama, maana nadhani uliyaona hata ukiwa umenipa mgongo. Mkono wa tatu sikuwa nao. Nilikuwa na wewe. Na sikujua mkwe anamwambiaje mama mkwe wake aje achomeke kichwa kwenye injini, shavu kwa shavu naye. Pendo angekufa, na mimi ningekuwa nimesimama kwenye tope nikitafuta maneno ya adabu. Nilikuwa na hasira na wajomba, na wewe, na mimi mwenyewe.

Nikasikia miguu imetua kwenye matope. Ukaja ukasimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yako ukasema na mimi, si na kuku.

"Nishike wapi?"

Nilikuonyesha kwa kidole nikiwa natazama chini. Nati ile pale, spana hii, usiiachie izunguke, na vidole vikae mbali na mkanda. Nikasitasita. Ukaona nimesitasita.

"Ukwe nimeuacha kule nyuma kwenye magunia," ukasema. "Vuta."

Nikavuta. Vichwa vyetu vilikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya sabuni kwenye kanga yako. Ulikuwa umeng'ata mdomo wa chini, vilevile Pendo anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano, na sikuwahi kujua ametoa wapi tabia hiyo. Nikaondoa macho haraka. Bolti ikakaza, nati ikatulia mkononi mwako, na dainamo ikabaki palepale tulipoivuta.

Kabla sijasema kitu ukabonyeza mkanda kwa dole gumba, katikati ya puli mbili. Ukaguna. Ukasema umezidi kukazwa, mkanda wa cherehani yako ukifungwa namna hiyo mguu huuma mchana kutwa. Na kweli, mkanda uliokazwa mno hula beringi za dainamo na pampu. Tukalegeza kidogo, tukakaza tena, ukabonyeza tena. Safari hii ukabonyea kiasi cha unene wa kidole. Ukaitikia kwa kichwa kwamba sasa sawa.

Ikabaki kuwasha. Ulitaka kubaki mbele kuangalia unavyozunguka, na ncha za kanga ya kichwani zilikuwa zinaning'inia juu ya feni. Nimeshaona nguo ikivutwa na mkanda, sitaki kusimulia. Nikaanza kusema, nikashindwa. Kanga ile ndiyo uliyokuwa unanifichia uso miaka yote. Mwishowe nikasema neno moja, "Kanga," nikatazama pembeni. Ukaivua, ukaifunga kiunoni kwa fundo la nguvu, ukasimama kichwa wazi kwenye manyunyu, mvi zako zimesukwa mistari. Nikaingia ndani nikageuza ufunguo.

Injini ikaitika. Taa nyekundu ikazimika. Na saa hiyohiyo, kama vile walikuwa wamepangwa, wakatokea wanawake wawili wa kijijini kwako na majembe begani. Walisimama. Walinitazama mimi, wakakutazama wewe na kichwa chako kitupu na mikono yako yenye grisi, mmoja akajiziba mdomo. Ukawaamkia Kisukuma, kwa utulivu kama vile mmekutana kisimani. Kisha ukafungua mlango wa mbele, ukakaa pembeni yangu, na tukaondoka.

Tulipofika Usagara nilisimamisha gari, maana mkanda mpya ukitembea kidogo hutulia, lazima ukaguliwe tena. Wewe ulishashuka na spana kabla mimi sijafungua mlango. Hapo nilicheka, na naapa nawe ulicheka, ila ulikuwa umenipa mgongo.

Pendo aliniambia kwamba ulipofika kitandani kwake ulisema tu, haya nimekuja, nenda. Akaenda. Kabula alizaliwa na sauti ya kutosha watoto wawili, mama yake akatoka salama, na jina hilo, la Kisukuma la mtoto wa mvua, tukalitoa kwenye ile mvua. Nesi alipotoka na mtoto niligeuka nikutafute nikupe furaha yangu. Ulikuwa kwenye benchi la mbali kabisa, mwisho wa korido, umejifunika kanga uso mzima. Nikaelewa kwamba ukwe umeushusha kutoka kwenye magunia, umeuvaa tena.

Baada ya hapo ndipo yalipoanza maneno. Wale wawili walisimulia walichoona, na kila aliyesimulia aliongeza. Pendo alisikia kwamba kwenye jumuiya yenu kanisani wenzako walikuwa wakikuachia nafasi pande zote mbili za benchi. Mjomba mmoja aliniita, akasema nimekuvua nguo barabarani, nipeleke mbuzi wa kuondoa aibu. Nikapeleka mbuzi mweupe, nikamfunga kwenye uzio, nikawaambia kuku nimemleta. Jibu lako lilikuja kwa Pendo kwamba mbuzi amepokelewa, basi.

Na kuanzia hapo ukawa mkali kuliko mwanzo. Ukisikia muungurumo wa pikapu unatoka uani unaingia ndani. Kabula alipoanza kutembea alikuwa akija kunishika mkono anivute kwako, nawe unahama chumba. Nilisema moyoni kwamba kila ukiliona gari lile unaiona aibu niliyokupa. Iliniuma, mama. Nilikuwa tayari tuigawane hiyo aibu, wewe ubebe kidogo, mimi nyingi, lakini haya mambo hayagawiki. Wewe ndiye uliyeishi pale kijijini, wewe ndiye uliyekaa kwenye lile benchi.

Ulipougua Pendo akakuleta kwetu. Ulilala chumba cha nyuma, pazia mlangoni. Kila asubuhi nilisimama koridoni nikasema shikamoo mama, nawe ukajibu marahaba baba, kisha nikaenda kazini. Wiki ya mwisho jibu lilikuwa linachelewa. Nilisimama pale na ufunguo mkononi nikisubiri lifike, na sikuthubutu kuondoka kabla sijalisikia.

Asubuhi moja ya wiki hiyo ulijibu, halafu ukamwambia Pendo avute pazia. Akadhani ni homa, akakukumbusha kwamba aliyesimama nje ni mimi. Ukamwambia unajua ni nani. Pazia likavutwa, nami nikainamisha uso chini upesi, kama wajomba walivyonifundisha.

"Inua uso," ukasema. "Siku ile sikukuona vizuri. Nilikuwa naangalia nati."

Nikainua. Kanga ulikuwa umeivua mwenyewe, imekunjwa juu ya mto. Ulinitazama bila haraka, paji la uso, macho, ndevu hizi ambazo Pendo hazipendi. Kisha ukaniita mwanangu, kwa Kisukuma, neno ulilolitumia kwa watoto wa tumbo lako tu, na ukamwambia Pendo arudishe pazia, baridi inaingia.

Hakukuwa na gari lililoharibika asubuhi hiyo, mama. Hakukuwa na nesi kwenye simu. Ulifanya kwa kupenda tu. Nilikwenda kwenye pikapu nikijua swali langu limejibiwa bila kuulizwa.

Pale mlangoni nilitaka kukwambia asante, pazia likarudi kabla sijaisema. Basi naisema hapa mbele ya watu wote. Asante kwa Pendo, asante kwa Kabula, asante kwa lile benchi ulilokaa peke yako na hukuwahi kunilaumu. Pumzika, mama. Nakuaga nikiwa nimeinua uso.

Mkweo,
Baba Kabula